Daftari la Maji

Paa la maktaba ya Newala lilikuwa pana kuliko yote mtaani,
mabati arobaini na nane, nimeyahesabu mara nyingi,
na chini yake birika la saruji, kina cha watu wawili.
Huku juu Makonde mvua ikipita imepita.
Maji yako bondeni; unaondoka alfajiri,
unarudi jua la utosi, na ule mpando na ndoo kichwani
hausimuliwi na mtu aliyekulia bombani.

Lakini vitabu vilitangulia.
Masanduku sita kutoka Dar es Salaam, mwaka ambao Rufiji ulifurika,
lori likalala Ndundu siku kumi na tisa likingoja kivuko.
Viwili vilifika vimeota ukungu.
Kimoja utingo alikuwa amekisoma hadi ukurasa wa themanini,
akakunja pembe.
Kanisius Nantende, mkutubi, kijana wa Ndanda,
hakuinyoosha pembe ile.
"Huyu ndiye msomaji wetu wa kwanza," alisema,
akamwandikia kadi namba moja:
*Utingo. Hana anwani.*

Kiangazi kilipokaza, wanawake wakaja na ndoo.
Mwingine angeita mgambo. Yeye alitoa daftari.
"Ndoo mbili kwa kaya. Sharti ni moja:
jina uandike mwenyewe. Dole gumba sipokei."
Bi Akulweni alimtukana kwa Kimakonde
tusi ambalo halimo katika kamusi yoyote pale rafuni,
akaondoka na ndoo yake tupu.
Kesho yake alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Mama yangu alianza na S.
Wiki nzima S yake iligeukia nyuma
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
O haikumsumbua: mdomo wa ndoo.
M ni njia ya mtoni, alisema, panda, shuka, panda, shuka.
O tena. Kisha E, chanuo la meno matatu.
*Somoe.*
Siku hiyo alimwaga nusu ya maji njiani
na hakujali.

Foleni ilikuwa ndefu, dirisha liko wazi,
na ndani mtu alikuwa akisoma kwa sauti
habari za ubwiriunga wa mikorosho:
unga mweupe juu ya ua, salfa ipigwe lini, upepo ukiwaje.
Birika likakauka, Septemba ile.
Mama akaendelea kupanga foleni.

Miaka ikapita, nami nikiwa nyuma ya kanga yake ghalani,
nilimwona akimshika karani mkono.
"Hapa pameandikwa tisini na nne. Wewe umesema themanini."
Karani akasoma upya,
safari hii kwa macho.

Sasa bomba lipo. Linatoka Jumanne,
Jumanne nyingine.
Birika lina ufa, vyura wamelipokea.
Tuna kompyuta tatu, mbili zinawaka;
vijana wanajaza fomu za mikopo,
wakulima wanahakiki majina yao ya pembejeo,
na pale palipokuwa meza ya magazeti
muuguzi hupima watoto kila Alhamisi,
wanalia juu ya mizani, wasomaji wanageuza kurasa.

Mhuri wa tarehe ninao mimi, mwaka wa kumi na moja.
Walipokuja kukarabati waliniletea daftari lile
kutoka kwenye rundo la kuchoma.
Kanisius hakuwa na daftari jingine, alitumia la kuazimia:
jina, idadi, tarehe ya kuchukua,
na safu ya mwisho, *tarehe ya kurudisha*.
Somoe Likapa, ndoo mbili.
Mbele yake hapajaandikwa kitu.

Mkaguzi wa hesabu aliweka kidole pale, mwezi uliopita.
"Na hili, deni la nani?"
Nikamwomba apishe kidogo.
Nyuma yake alisimama mtoto, pua inamtoka,
anataka kadi.